Misonobari Kati Yetu na Mnara

Jumatano, 1 Septemba

Daktari wa moyo ameniagiza niweke daftari. Kila asubuhi nimpime kaka yangu Evert uzito, nitazame miguu kama imevimba, niandike pumzi yake ikoje. Uzito ukipanda kilo mbili ndani ya siku tatu nipige simu hospitali siku hiyohiyo, maana yake maji yanamjaa mwilini. Haya basi: kilo 84, miguu sawa, pumzi sawa, ulimi mkali kama kawaida. Amesema nikishamaliza kumpima nimpeleke mnadani.

Leo pia imekuja barua ya kampuni ya simu. Kaka yangu aliisoma akiwa amesimama, akaisukuma chini ya bakuli la sukari, akasema kahawa imepoa. Nikaisoma mwenyewe. Tarehe thelathini mwezi huu simu ya mezani inakatwa, waya unakunjwa na nguzo zinang'olewa, kwa kuwa siku hizi kila mtu ana simu ya mkononi. Sisi pia tunayo, Lisbet binti yake alituletea. Humu ndani inatuonyesha saa, basi. Ukitaka kuongea na mtu upande kilima cha nyuma hadi kwenye jiwe kubwa, dakika ishirini kwa miguu yangu ya miaka sabini na moja. Evert hajafika pale tangu moyo ulipomlaza mara ya kwanza.

Ijumaa, 3 Septemba

Kilo 84. Mvua.

Jumatano, 8 Septemba

Kilo 84. Nimechimba mistari minne ya viazi. Evert alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akinielekeza namna ya kushika uma wa kuchimbia, kana kwamba nilizaliwa juzi. Nilirudi kuishi hapa miaka kumi na moja iliyopita, mkewe alipofariki, nikidhani nitakaa msimu mmoja wa baridi. Kuna siku nakumbuka chumba changu cha mjini, dirisha juu ya duka la mikate, na nakuwa na hasira na mtu ambaye hakunilazimisha kukiacha.

Jumatano, 15 Septemba

Kilo 84 na nusu.

Fundi wa kampuni amekuja, mwanamke wa makamo aitwaye Paulina, mkimya, mwenye ngazi na mashine ya kupimia mawimbi. Amefunga antena juu ya paa, akashuka, akatazama mashine yake, akapanda tena. Mwisho akaniita uani akanyoosha kidole kuelekea ziwani. Mnara uko ng'ambo ya ziwa, pale pale tunapoona majira ya baridi taa yake nyekundu ikichungulia. Kati yetu na mnara kuna misonobari ya Holger, jirani yetu.

"Safu ile ikiondoka, mama, mtaongea na dunia nzima mkiwa mmekaa jikoni," alisema. "Ikibaki, hata niwaletee antena ya dhahabu haitasaidia."

Njia nyingine ni kusimamisha mlingoti mrefu uani, lakini hilo haliwezekani kabla ya kiangazi kijacho.

Evert alikuwa amesimama mlangoni na amesikia yote. Paulina alipoondoka nilimuuliza tufanyeje. Akasema tumeishi bila simu ya jikoni kabla haijagunduliwa. Nikamwambia wewe hukuishi enzi hizo, baba yetu ndiye aliyeishi, na baba yetu alikufa na miaka hamsini na nane. Hakunijibu mpaka chakula cha usiku, na hata hapo aliomba chumvi tu.

Alhamisi, 16 Septemba

Kilo 84.

Naandika habari ya misonobari, kwa sababu jana sikulala nikiifikiria. Pale ilipo palikuwa uwanda wa nyasi. Ulikuwa wa baba yake Holger, ila baba yetu aliukata nyasi kila mwaka kwa ruhusa ya mdomo, na sisi watoto watatu tuliuchezea mpaka giza. Holger na Evert walikuwa kitu kimoja. Walijenga pamoja banda la mashua, walikwenda jeshini pamoja, Holger ndiye aliyesimama karibu na Evert siku ya harusi. Wazee walikufa, miaka ikapita, kisha Holger akaja asubuhi moja na gari lililojaa miche akaanza kupanda, bila kuja kusema neno. Evert alisimama ukingoni akamtazama mpaka mche wa mwisho, kisha akarudi ndani. Tangu siku hiyo hawajasemezana. Miaka ishirini na sita, na nyumba zao zinatenganishwa na kilomita moja.

Holger sasa ana miaka sabini na sita kama Evert. Hakuoa. Nimezoea kumwona kama mtu mwenye roho mbaya.

Jumatatu, 20 Septemba

Kilo 84 na nusu. Jalidi ya kwanza, umande umeganda, majani ya viazi yamekuwa meusi.

Nilimwambia Evert naenda kuchuma matunda ya msituni, nikashika ndoo, nikaenda kwa Holger. Alinikaribisha jikoni. Nyumba safi kuliko nilivyotegemea. Nikamweleza: barua, antena, moyo wa Evert, ile safu ya miti. Alisikiliza akigeuzageuza kikombe. Nilipomaliza akauliza kama Evert ndiye aliyenituma. Nikasema hapana.

"Basi aje mwenyewe," akasema. "Miaka ishirini na sita ananipita barabarani kama anapita kivuli. Sitaki aombe msamaha, Majken. Nataka aje aketi hapo ulipoketi wewe, aniambie Holger, kata miti. Nitaikata siku hiyohiyo."

Nikamwambia moyo wake unaweza usingoje mpaka ninyi wawili mkue. Akasema anajua. Akasema tena: aje.

Nilirudi na ndoo tupu. Evert akauliza matunda yako wapi, nikamwambia ndege wamemaliza. Sikumwambia neno la Holger. Najua atakavyosema, na sina nguvu za kumsikia akisema.

Alhamisi, 30 Septemba

Kilo 85. Saa nne asubuhi niliinua simu ya mezani, mlio ulikuwepo. Saa sita niliinua tena, kimya. Evert alikuwa ananitazama. Akasema, "Sasa hakuna tena wa kutupigia simu kutuuzia madirisha." Tulicheka wote wawili, lakini si sana.

Jumapili, 3 Oktoba

Kilo 85. Vifundo vya miguu vimejaa kidogo jioni.

Jumapili ni siku ya Lisbet. Miaka yote alipiga saa tisa alasiri na Evert alikaa karibu na simu kuanzia saa nane na nusu, akijifanya anasoma gazeti. Leo nimepanda mimi. Kabla sijatoka amenipa maneno ya kupeleka: viazi vilikuwa vizuri, paa la ghala limetengenezwa, na Lisbet abadilishe matairi kabla ya baridi. Juu ya jiwe upepo ulinitoa machozi. Lisbet alisikika vizuri nikisimama nimegeukia ziwa na kuinua kiwiko.

Akauliza, "Na baba mwenyewe anasemaje, shangazi?" Nikasema anasema matairi. Akasema kuna nyumba ya wazee karibu na kwake Gothenburg, vyumba viwili vilivyo jirani, vyenye dirisha la baharini. Nikasema nitamwambia.

Nilimwambia. Alitaka kwanza kujua habari za matairi.

Jumatano, 6 Oktoba

Kilo 85. Wawindaji wamerudi msituni kwa awamu ya pili, bunduki zinasikika tangu asubuhi. Holger ndiye kiongozi wao mwaka huu.

Jumapili, 10 Oktoba

Kilo 85 na nusu. Nimepanda, nimeteleza mara mbili. Maneno ya Evert kwa binti yake leo yalikuwa marefu kuliko kawaida. Alitaka nimwambie kwamba mwaka ule Lisbet alipovunja kioo cha gari na kumsingizia paka, yeye alijua, na alicheka peke yake ghalani. Nikamfikishia. Lisbet alicheka mpaka akakohoa, halafu akawa analia, na mimi nimesimama juu ya jiwe kiwiko hewani nikiogopa kusogea nisije nikampoteza.

Niliporudi nilimwambia Evert amecheka. Ya kulia sikumwambia. Nadhani aliiona usoni mwangu.

Jumanne, 12 Oktoba

Mjini kwa daktari wa meno, nimeondoka na basi la asubuhi nikarudi jioni. Sikumpima Evert.

Alhamisi, 14 Oktoba

Kilo 86 na nusu. Amelala na mito mitatu, akilala chali anakosa hewa. Anasema ni wale samaki wa chumvi. Nimeacha kumpa samaki wa chumvi.

Ijumaa, 15 Oktoba

Kilo 87 na nusu. Zimezidi mbili ndani ya siku chache, napaswa kupiga simu. Mvua imeganda juu ya kila kitu, ngazi za mlangoni zinang'aa kama kioo. Nilivaa viatu vya misumari nikafika kwenye lango la kondoo, nikaanguka. Evert alifungua dirisha akaniita nirudi. "Ukivunjika mguu huko juu, nani atakukuta?" Redio inasema kesho joto litapanda kidogo. Nitapanda kesho asubuhi na mapema.

Alhamisi, 21 Oktoba

Sijaandika kwa siku sita. Nitaandika sasa, yote, ingawa daktari aliyelitaka daftari hili halihitaji tena.

Jumamosi asubuhi barafu ilikuwa imelegea kweli. Niliamka saa kumi na mbili, nikawasha jiko, nikamkuta Evert ameshavaa, ameketi kitini jikoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Alitaka kuniletea kuni kabla sijapanda. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, jasho linamtiririka. Nikamuuliza wapi panauma. Akaweka mkono kifuani, kisha kwenye taya.

Nilichukua simu nikaipeleka kwenye kila dirisha, juu na chini, nikapanda hata juu ya meza. Ilinionyesha saa. Saa moja kasoro dakika tisa.

Nikafikiria nyumba ya Holger, ana gari. Wakati huohuo nikasikia mlio wa bunduki mbali ng'ambo ya kinamasi, nikajua Holger hayuko. Kilibaki kilima.

Nilivaa koti. Evert akanishika mkono wa koti.

"Usiende," akasema. "Kaa hapa, Majken."

Sijawahi kumsikia akiniomba kitu. Aliagiza, alilalamika, alitania, lakini kuomba, hapana. Nikamwambia narudi sasa hivi. Nikautoa mkono wake, kidole kimoja kimoja, maana alikuwa ameshika kwa nguvu. Nikaenda.

Sijui nilipandaje. Nakumbuka nilitambaa sehemu ya mwisho. Kwenye jiwe nilipata mstari mmoja, ukapotea, ukarudi. Mwanamke wa huduma ya dharura aliniuliza mgonjwa anapumua. Nikasema sijui, yuko nyumbani, mimi niko kilimani. Akaniambia nirudi kwake nisikate simu. Nikamweleza nikishuka hatua kumi tu nitakuwa nimeikata. Akasema, kwa sauti ya upole ambayo mpaka leo naisikia, basi nisimame hapo hapo mpaka dereva aipate njia yetu. Nikasimama. Nikaeleza daraja, maziwa mawili, sanduku la barua la kijani. Helikopta ilishindwa kuruka kwa ukungu uliokuwa huko hospitali. Muda wote niliiona nyumba yetu chini yangu, moshi wa jiko unapanda wima, dirisha la jikoni lina mwanga, na sikuweza kuona ndani.

Niliporudi alikuwa bado kitini. Kiatu kilikuwa kimemponyoka. Macho yalikuwa yameelekea mlangoni.

Gari la wagonjwa lilifika baada ya saa moja na dakika kumi. Walifanya walichoweza kufanya, ambacho kilikuwa kuniketisha na kunipa maji.

Nimeandika yote. Nililoshindwa kuliandika siku hizi sita ni lile tu la vidole.

Jumamosi, 6 Novemba

Jana tumemzika. Theluji ndogo, ikayeyuka kabla ya kugusa ardhi. Watu walikuwa ishirini na wanne. Holger alikaa benchi la nyuma kabisa na akaondoka kabla ya kahawa. Nilifurahi kwamba aliondoka, kwa sababu sikujua mikono yangu ingefanya nini.

Lisbet amelala hapa siku tatu. Asubuhi ya leo, akifunga begi, alisema bila kugeuka, "Baba amekufa kwa kiburi, shangazi. Miti kumi na kitu. Angetembea kilomita moja tu." Nilitaka kumwambia kwamba nilikwenda mimi, kwamba nilipewa sharti na sikulifikisha, kwamba huenda angekwenda kama angelijua. Nikamfungia sandwichi za safari. Basi likamchukua.

Jumatatu, 8 Novemba

Nimeamshwa na msumeno wa injini. Nimetazama dirishani, Holger yuko peke yake kwenye safu ya misonobari. Mti wa kwanza umeanguka kuelekea ziwani. Mtu wa miaka sabini na sita.

Sasa anakata. Nimevuta pazia.

Jumanne, 9 Novemba

Anakata. Mitatu leo.

Jumatano, 10 Novemba

Theluji mpaka kwenye kifundo cha mguu. Anakata. Adhuhuri aliketi juu ya kisiki akila kitu kutoka kwenye karatasi. Miaka yote nyumba hii haijamwacha mtu anayefanya kazi mbele yake bila kumpelekea kahawa. Nilichemsha. Nikaimwaga.

Ijumaa, 12 Novemba

Mti wa mwisho ulianguka kabla ya giza. Sasa kutoka mezani naona ziwa lote, kama nilivyoliona nikiwa mtoto. Sikukumbuka kuwa lilikuwa kubwa hivi.

Jumamosi, 13 Novemba

Saa nne asubuhi simu imelia jikoni.

Nilikuwa nakuna karoti. Sikuelewa kwanza ni sauti ya nini, nikaenda kutazama redio. Simu ilikuwa kwenye dirisha, inatetemeka, namba nisiyoijua.

"Majken," sauti ikasema. "Ni Holger. Naomba usikate."

Nikauliza namba hii ameipata wapi. Akasema amepewa na Evert.

Nikaketi.

Akasema Evert alikwenda kwake Jumanne ya wiki ileile aliyokufa. Siku niliyokuwa kwa daktari wa meno. Alitembea kilomita yote, akipumzika kwenye kila nguzo iliyobaki, Holger alimwona kutoka dirishani na hakuamini. Aliingia, akaketi bila kukaribishwa, akangoja pumzi imrudie. Halafu akasema, Holger, kata miti. Akasema si kwa ajili yake, yeye amekwisha. "Alisema dada yangu anapanda kile kilima kwa ajili yangu, na majira ya baridi kitamuua, na nitakuwa nimeketi jikoni nikimngoja." Hayo ndiyo maneno, Holger alisema, hakuongeza wala kupunguza. Kisha Evert akaandika namba kwenye ukingo wa gazeti, wakakubaliana kwamba Holger akimaliza atapiga, kujaribu kama inafika. Walikunywa kahawa. Walizungumza habari za banda la mashua. Holger akamrudisha na gari mpaka njia panda, maana Evert hakutaka majirani waone.

Nikamuuliza kwa nini basi hakukata siku hiyohiyo, kama alivyoniambia mimi.

Nilisikia saa ya ukutani kwake.

"Nilikuwa na wawindaji wanane wananingoja kesho yake," akasema. "Nilimwambia Jumatatu. Akasema Jumatatu ni sawa."

Sikumwambia nimekusamehe, kwa kuwa sijui kama nimemsamehe, na si mimi peke yangu wa kuombwa. Mwisho akauliza kama anasikika vizuri. Nikamwambia anasikika. Akashukuru, akakata.

Nilikaa na simu mapajani mpaka karoti zikakauka. Kisha nikapiga Gothenburg. Si Jumapili, Lisbet alidhani kuna jambo baya. Nikamwambia niko jikoni. Nikamwambia kwanza langu: kwamba nilijua sharti la Holger tangu Septemba na nikalificha, na kwamba asubuhi ile baba yake aliniomba nibaki, nami nikaenda. Nililisema lote, na la vidole. Alikuwa kimya muda mrefu hata nikaitazama simu kama imekatika. Haikuwa imekatika.

Kisha nikamweleza kwamba baba yake alitembea. Nikamweleza nguzo, na kiti, na namba kwenye gazeti, na maneno aliyoyasema.

Akalia. Nami sikuwa na haja ya kusimama vyovyote wala kuinua mkono. Nilikaa tu nikamsikiliza.

Alipoweza kuongea akasema, "Niambie tena, shangazi. Kuanzia alipotoka nyumbani."

Nikamwambia tena.